Sekunde Kumi na Nane za Veronika

Mafundi wangu wadogo, mmeniuliza mara nyingi ni kosa gani kubwa kuliko yote nililowahi kufanya katika kazi ya saa, na kila mara nimewachekesha kwa kosa jingine dogo. Leo naandika lile lenyewe. Naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaanza kucheka pasipochekesha, najijua. Na nawaonya mapema, msitegemee kwamba mwishoni nitakuwa nimeelewa kila kitu. Nimestaafu, miwani imekuwa minene, na bado kuna mahali katika habari hii nikifika nachanganyikiwa kabisa.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Anjela, mzaliwa wa Kilimanjaro niliyeolewa Karatu. Nimefunga saa za umeme shuleni, makanisani, kwenye hoteli za watalii na maofisini, kuanzia mjini kwetu hadi Wasso, ambako ukishuka kwenye basi unajikung'uta vumbi mpaka watu wanakuhurumia. Ufundi nilifundishwa Moshi na Mzee Shirima, mtengenezaji wa saa za mkono, mtu mkali aliyekuwa akinifinya sikio kisha analibandika hilo hilo kwenye saa ili lisikilize. Alikuwa na neno lake moja: "Binti, saa haijui ni saa ngapi. Inakumbuka tu ilichoambiwa. Kwa hiyo kabla hujaiamini, uliza nani aliiambia, na lini." Nilidhani ni maneno ya mzee anayetaka kupumzika kidogo kabla wateja wengine hawajaja.

Kisha zikaja saa za setilaiti, nikamsahau Mzee Shirima.

Mnajua zile setilaiti zinazoonyesha njia kwenye simu zenu. Kila moja imebeba saa ya ajabu, na kazi yake ni kutangaza mchana na usiku: sasa ni saa hii, sasa ni saa hii. Huku chini unakuwa na kipokezi, kisanduku kidogo chenye antena ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Ukikiweka mahali anga liko wazi, kinasikia yale matangazo na kuirekebisha saa yako kwa usahihi ambao hata jina lake kwa Kiswahili silijui. Sekunde moja inakatwa vipande milioni, na kipokezi kinajua kiko kipande gani. Mimi niliyekuwa nikihangaika na saa zinazopoteza dakika mbili kwa wiki, nilipoona hivyo nilipenda kama msichana. Nikawa nasema kila nilikokwenda: "Setilaiti haikosei." Niliwaambia wateja, nilimwambia padre, nilimwambia na mume wangu tulipogombana kuhusu muda wa chakula.

Hata hivyo, dalili nilizipata mapema. Ofisi moja kule Wasso niliifungia saa, na kwa kuwa sikutaka kutoboa bati wakati wa mvua, antena nikaificha juu ya dari, chini ya bati. Bati ni ukuta kwa setilaiti. Ile saa ikawa inajiendea yenyewe kwa makisio, na baada ya miezi kadhaa karani akanipigia: "Mama, saa yako ya mbinguni inatutoa kazini kabla ya wenzetu, hatulalamiki, ila bosi ameanza kuuliza." Nikapanda basi siku nzima kwenda kutoboa bati.

Halafu kuna hoteli moja karibu na msitu wa Ngorongoro. Mashine yao ya mahudhurio ilikuwa inachukua saa na tarehe kwenye kipokezi nilichofunga. Asubuhi moja dakika na sekunde zilikuwa sahihi kabisa, ila tarehe ilikuwa imerudi nyuma karibu miaka ishirini. Mpishi mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, kwa mashine yako mimi leo niko darasa la pili, sasa huu mchuzi nani anaupika?" Nilisoma karatasi za kipokezi siku tatu kabla sijaelewa: setilaiti hazitangazi mwaka, zinatangaza namba ya wiki, na ile namba ikifika elfu moja na ishirini na tatu inaanza tena sifuri. Vipokezi vipya vinajua kujiongezea. Cha kwangu kilikuwa cha zamani, kikarudi utotoni. Nikacheka, nikabadilisha kifaa, nikaendelea kusema setilaiti haikosei.

Sasa twende kwenye yenyewe.

Kamati ya mbio ya kwetu iliandaa mashindano ya kilomita kumi na tano, kuanzia Mbulumbulu kule juu kwenye mashamba ya ngano, kumalizia Karatu mjini. Si mbio za vikombe tu. Kulikuwa na kambi ya mazoezi mjini Arusha, na atakayeingia kambini analipiwa na shule pia. Sharti lilikuwa muda. Msichana amalize chini ya dakika hamsini na nane, hata kama amekuwa wa kwanza. Asipofikisha, nafasi inabaki wazi.

Veronika alikuwa na miaka kumi na saba. Amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, yuko nyumbani Mbulumbulu anapalilia maharage na kukimbia. Baba yake alishasema wazi kwamba Arusha ikishindikana, kuna mchumba. Hilo kila mtu alilijua, na Mwalimu Tarmo alilijua zaidi, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kukimbia tangu darasa la nne.

Kamati ikaniita mimi na saa zangu. Mbio zinapoanzia mahali pamoja na kuishia pengine, lazima saa mbili zikubaliane, na hapo ndipo mahali pa setilaiti. Saa ya kumalizia nilikuwa nimeshaifunga juu ya paa pale Karatu wiki nzima, haina neno. Ya kuanzia ilikuwa ya kubeba: unabonyeza kitufe filimbi inapolia, inaandika muda wenyewe.

Sasa sikilizeni kosa. Barabara ya Mbulumbulu kiangazi mnaijua, lile vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya mayai. Nikaogopa kipokezi changu kisijae vumbi. Kwa hiyo asubuhi niliiwasha saa pale mlangoni, nikaifunika kitenge, nikaitia ndani ya sufuria yangu ya kupikia makande, nikafunika mfuniko na kuubana kwa mpira wa baiskeli. Nikapanda bodaboda na sufuria mapajani. Nilijiambia, ikifika kule itakuwa imeshasikia setilaiti saa nzima, imetulia. Mimi niliyetoboa bati la Wasso! Kama kuna mtu anaweza kunieleza ilikuwaje nikajua bati ni ukuta na nisijue sufuria ni bati, aje, nitampikia.

Njiani tukapata pancha. Kijana wa bodaboda anaziba, mimi namhimiza. "Mama, tulia," akasema, "hata kama una nyama humo haitaungua." Tulifika wasichana wameshajipanga. Nikaifungua sufuria, nikaiweka saa juu ya meza, na baada ya muda mfupi taa ya kijani ikawaka. Taa ya kijani maana yake imepata setilaiti. Dakika tano baadaye filimbi ikalia, nikabonyeza. Wavulana wakafuata robo saa baadaye, nikabonyeza tena. Mwalimu Tarmo alikuwa pembeni yangu na saa mbili za mkononi za kupimia mbio zikining'inia shingoni, moja ya wasichana, moja ya wavulana. Nilimtania, "Mwalimu, na hizo kengele za mbuzi?" Akasema, "Mazoea, shemeji." Huniita shemeji kwa sababu ya mume wangu. Tukapanda gari la kamati kuwahi Karatu.

Veronika alimaliza wa kwanza. Nikatoa muda wa kuanza kwenye muda wa kumaliza: dakika hamsini na saba na sekunde hamsini na tatu. Chini ya sharti kwa sekunde saba! Watu walipiga vigelegele hadi wenye maduka wakatoka nje. Yeye mwenyewe alikaa chini barabarani, akaficha uso kwa mikono.

Mwalimu Tarmo akaja mezani kwangu. Hakupiga kelele. Aliniwekea saa yake moja mbele yangu: dakika hamsini na nane na sekunde kumi na moja.

"Shemeji," akasema, "saa yako imempa mtoto sekunde ambazo hakuzikimbia."

"Kidole chako kimechelewa, Mwalimu."

"Kidole kichelewe sekunde kumi na nane? Nilikuwa nimelala?"

"Setilaiti haikosei," nikasema, na nikasema kwa sauti, mbele ya kamati. Mwenyekiti akacheka. Muda ukaandikwa.

Wavulana walipoingia, ile saa ya pili ya Mwalimu na yangu zilikubaliana sawasawa. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Mtu huyo huyo, kidole hicho hicho, meza hiyo hiyo. Kwa wavulana sawa, kwa wasichana tofauti ya sekunde kumi na nane. Watu wakasema basi saa ile ya Mwalimu ya wasichana ni mbovu. Nikamwomba niende nayo nyumbani. Jioni nikaipima muda wa saa nzima kwa kuilinganisha na yangu. Ilikuwa nzima, haikupoteza hata nusu sekunde. Nikaipeleka saa yangu ya kubeba kando ya ile ya paa, zikawa zinabadilisha namba pamoja kama mapacha. Kila kitu kilikuwa sahihi. Nilikuwa kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

Mngekuwa nyie mngefanya nini? Mimi nililala. Jumapili nikaenda kanisani, Veronika akaitwa mbele, akaombewa safari. Alikuwa amevaa gauni la dada yake. Alitazama upande wangu akatabasamu, nami nikatabasamu, kisha nikatazama chini. Jumatatu nikasoma karatasi za kifaa, nikaona tu namba. Nikawa nauliza swali ambalo sikujua hata namuuliza nani: inawezekanaje saa iwe imekosea na sasa hivi haijakosea, na hakuna aliyeigusa?

Jumanne nikaamua kufanya kila kitu upya kama kilivyokuwa. Saa niliyokuwa nimeizima nikaiwasha tena mlangoni, kisha sufuria, kitenge, mpira, bodaboda na kijana yule yule. Mume wangu nikamwacha Karatu mbele ya saa ya paa, na simu sikioni. Tulipofika Mbulumbulu nikaifungua sufuria, taa ikawaka kijani, nikampigia. "Nisomee sekunde." Akaanza: "Tano... sita... saba..." Yangu ilisoma ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano. Nikamwambia umekosea, soma tena. Akasoma tena, akaniuliza kama nimekunywa. Kumi na nane mbele, ileile. Nikakaa juu ya jiwe na saa mapajani, naikodolea macho. Ilipita kama dakika tisa. Ghafla, ilipokuwa inasoma hamsini na moja, ikasoma thelathini na nne. Imejirudisha yenyewe. Haikulia, haikuwasha taa nyekundu. Mume wangu upande wa pili anasema, "Thelathini na nne, thelathini na tano," na yangu vilevile.



Nikaja kuelewa hivi, na naomba msome polepole kwa sababu mimi nilisoma mara sita. Setilaiti zina saa yao wenyewe, zilianza kuihesabu zamani na haziigusi. Sisi watu wa duniani tumekuwa tukiongeza sekunde moja moja kwenye saa zetu mara chache, kwa sababu dunia yenyewe inazunguka kwa kusuasua. Kwa hiyo saa ya setilaiti na ya kwetu zimeachana, na sasa tofauti ni sekunde kumi na nane. Setilaiti zinajua, na zinatangaza: "toeni kumi na nane." Ila tangazo hilo halitoki kila wakati. Linazunguka, linaweza kuchukua dakika kumi na mbili na nusu kukufikia. Ni kama kuingia kanisani matangazo yameshasomwa. Ibada unaifuata vizuri, lakini tangazo la mkutano hunalo mpaka lirudiwe. Kipokezi kizima hulikumbuka tangazo la jana kwa betri yake ndogo ya duara. Ya kwangu ilikuwa imekufa, sikuwa nimeikagua. Ndani ya sufuria saa haikusikia kitu. Wasichana walianza baada ya dakika tano, bila tangazo. Wavulana walianza tangazo limeshafika.

Kwa hiyo setilaiti haikukosea. Ndiyo sehemu inayonichanganya mpaka leo. Ilisema kweli, kwa usahihi wa ajabu, na mimi nikampa mtoto wa watu uongo kutokana na ile kweli.

Kiufundi, yashikeni haya. Kagua betri ndogo kila mwaka. Usifunike kipokezi kwa chochote cha chuma. Kikishawashwa penye anga wazi, subiri dakika kumi na tano hata kama bwana mkubwa ameshika filimbi mdomoni. Na taa ya kijani inasema tu kwamba inasikia. Haisemi kwamba imemaliza kusikia.

Jumanne ile ile ningeweza kutembea hadi kwa kina Veronika, ni karibu na lile jiwe nililokalia. Sikwenda. Nilijiambia kesho, nikiwa nimepanga maneno. Basi la kambi lilikuwa Alhamisi. Jumatano nilipofika, nyumba ilikuwa imejaa watu. Baba yake alikuwa amechinja mbuzi kumuaga binti. Wakanikaribisha kwa shangwe, "Mama Fundi, Mama Saa, karibu!" Wakanipa paja. Nikala. Mtanisamehe, sikujua namna ya kukataa. Mwalimu Tarmo alikuwa amekaa pembeni na sahani yake haijaguswa, na ananiangalia.

Nikanawa mikono, nikasema. Nilisema vibaya, nikaanza na betri, nikaenda kwenye sufuria, nikarudi kwenye dunia kuzunguka, watu wakawa wanatazamana. Mwishowe Mwalimu akanisaidia: "Anasema Veronika alikimbia hamsini na nane na kumi na moja."

Baba yake akauliza, "Mama Anjela, umekula nyama yangu kwanza, halafu ndiyo unasema?"

Veronika aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Nikaenda kwa kamati. Mwenyekiti alikataa kunisikiliza mwanzoni. "Mama, wewe ni fundi tu, hii ni setilaiti. Si wewe uliyesema haikosei?" Ikabidi nimwonyeshe kwa sufuria, pale pale ofisini kwake. Jina likafutwa. Hakuna msichana mwingine aliyefikisha, kwa hiyo basi liliondoka Alhamisi na kiti kitupu. Mwaka uliofuata kambi haikuchukua watu kutoka kwetu. Veronika aliolewa.

Miezi michache kabla sijafunga karakana yangu alikuja mwenyewe, ana mtoto mgongoni. Anawafundisha mbio watoto wa shule ya msingi kule Mbulumbulu, na alitaka kuazima saa. Nilimpa kiti, nikampa chai. Nilizunguka zunguka na maneno, halafu nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa miaka yote: nilifanya vibaya kusema?

"Hapana Mama. Muda wangu ulikuwa ule wa Mwalimu. Hata mimi miguu ilikuwa inaniambia."

"Sasa mbona hujawahi kunisalimia njiani?"

Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mapajani, akamfunga vizuri khanga.

"Zile sekunde zilitoka huko juu, sikukasirika nazo. Ila Jumamosi ile pale mezani nilikuona, Mama. Mwalimu alipokuonyesha saa yake uso ulikubadilika. Ungewaambia wasubiri kidogo, baba asingechinja, na mimi nisingeaga watu. Niliaga mpaka wazee wa kanisa, halafu nikakutana nao tena kisimani."

"Mwanangu, siku ile sikuwa na hakika. Nilikuwa sielewi kitu."

"Sasa si ungesema hivyo hivyo," akasema.